Mukeke wa Kupaka kwa Lenga-lenga: Mlo wa Jioni ya Siku ya Kazi

Mtumishi wa ofisini, askari aliyemaliza zamu ya mchana na mama afungaye meza yake ya biashara sokoni, wote hufika nyumbani karibu kwa wakati mmoja, na wote hukuta swali lile lile limewatangulia mlangoni: leo tutakula nini? Siku ya mapumziko swali hili si zito. Maharage hupata nafasi ya kuchemka tangu asubuhi, na sombe hupata nafasi ya kutwangwa na kukaa motoni hata ikalainika. Lakini siku ya Jumanne au Jumatano, jua likiwa limekwisha kuelekea milima ya Uvira ng'ambo ya ziwa, mwenye jiko hana zaidi ya saa moja kabla ya watoto kuanza kusinzia juu ya mkeka.

Ndipo wengi wanapokimbilia chai na mkate, au bugali kwa mchuzi wa nyanya usio na kitu ndani yake. Mimi sina haki ya kumlaumu mtu aliyechoka. Hata hivyo, naamini kuwa katika saa hiyo moja, kwa mbabura moja na makaa ya kiasi, aila ya watu sita yaweza kula samaki na mboga ya majani, na kuridhika. Mlo ninaoueleza hapa ni mukeke aliyechomwa na kupakwa rojo ya asali na ndimu mpaka ngozi yake ikang'ara, pamoja na lenga-lenga, yaani mchicha, uliokaangwa kwa mafuta ya mawese.

Nimeuweka mlo huu Kajaga kwa sababu vitu vyake vyote hupatikana huko. Kajaga ipo kwenye ufukwe wa Ziwa Tanganyika, katika njia itokayo Bujumbura kwenda Gatumba na mpaka wa Kongo. Wageni huijua kwa mchanga wake na kwa mikahawa iliyopangwa kando ya maji, ambako mukeke huletwa mezani mzima mzima, amefunikwa kwa vitunguu. Wenyeji huijua kwa mambo mengine pia. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, maji ya ziwa yalipanda yakaingia katika makazi ya watu, kuta zikalowa na kuanguka, na watu wakahama wakiwa na magodoro vichwani. Aila iliyoanza upya baada ya maji kama hayo haiwezi kuupima mlo kwa macho ya mgeni wa mkahawani. Huupima kwa makaa, kwa muda, na kwa idadi ya vinywa.

SAMAKI NA MWEZI

Mukeke ndiye samaki yule yule ambaye ndugu zetu wa Kigoma humwita mgebuka. Wataalamu wamempa jina la Lates stappersii. Ni jamaa ya sangala wa ziwa letu na ya sangara wa Ziwa Viktoria, ila yeye ni mwembamba, mwepesi wa mwendo, na hapatikani katika maji mengine yoyote ya dunia isipokuwa Tanganyika. Huishi katika maji ya wazi, akiyafuata makundi ya ndagala ambao ni sehemu kubwa ya chakula chake. Nyama yake ina mafuta ya kutosha kuhimili moto wa makaa bila kukauka, na hiyo ndiyo sababu mapishi ya kuchoma humfaa kuliko mapishi ya kuchemsha.

Mpishi asiyejua habari za mwezi hununua mukeke kwa bei asiyostahili kuilipa. Wavuvi humvua usiku kwa taa. Mwanga wa taa huwavuta viumbe wadogo wa majini, ndagala huwafuata viumbe hao, na mukeke huwafuata ndagala, mpaka wote wakusanyike juu ya wavu. Mbalamwezi ikiwa kali, taa ya mvuvi hupoteza nguvu zake, samaki hutawanyika, na wavuvi wengi hupumzisha mitumbwi yao kwa siku kadhaa. Basi mwezi ukiwa mpevu, usitazamie mukeke wa bei nafuu Kajaga wala penginepo. Subiri giza lirudi. Katika siku za mwezi mpevu aila ile ndagala wakavu au mayai, na fedha ya mukeke iwekwe.

Zipo sababu nyingine za kupanda kwa bei, nazo hazitokani na mwezi. Katika miaka ya 1950 wavuvi wa Kigiriki waliokaa Bujumbura walileta merikebu za nyavu kubwa, zikavua kwa wingi. Merikebu hizo zimekwisha toweka katika maji ya Burundi, na kazi imebaki kwa wenye mitumbwi na katamara, ambao petroli ikiadimika nao hukaa pwani. Tena ziwa lenyewe limebadilika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Nature ulieleza kuwa joto lililoongezeka limeyafanya maji ya juu yasichanganyike vema na maji ya chini. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 hivi, na rutuba yake imelala huko chini; isipopandishwa juu na upepo na mchanganyiko wa maji, viumbe wadogo hupungua, ndagala hupungua, na mukeke naye hupungua.

Nchi nne zinazolizunguka ziwa, yaani Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilitia saini mkataba wa kulitunza tarehe 12 Juni 2003 mjini Dar es Salaam, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika iliyotokana na mkataba huo ina makao yake hapa Bujumbura. Mwaka 2024, kwa mfano, Tanzania ilisimamisha uvuvi katika sehemu yake kuanzia tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti ili samaki wapate nafasi ya kuzaa. Wengine hunung'unika amri za namna hii zinapotolewa. Lakini mama wa nyumbani naye ana amri yake awezayo kuitoa bila mhuri wa mtu yeyote: asinunue nyamunyamu. Hilo ndilo jina la mukeke mchanga, mdogo kama kidole au zaidi kidogo, ambaye huuzwa akiwa amechanganywa na ndagala. Beseni lake ni rahisi leo kwa sababu mukeke wa mwakani wamo ndani yake.

KUMCHAGUA NA KUMTENGENEZA

Samaki wa usiku hufika pwani alfajiri. Anayetoka kazini saa kumi na moja jioni hana budi kukumbuka kwamba saa kumi na mbili zimekwisha pita, na kwamba joto la Bujumbura halimhurumii mtu. Mukeke aliyelala juu ya barafu, au kwenye kivuli kwa muda mfupi, huwa na mashavu mekundu ndani, nyama ngumu inayorudi ukiibonyeza kwa kidole, na tumbo lisilopasuka. Usidanganywe na kung'aa kwa magamba, kwa maana wauzaji huyanyunyizia maji kila dakika. Funua shavu, uone rangi yake. Likiwa la kijivu au la kahawia, mrudishe katika beseni, hata kama muuzaji atakuita majina.

Njia iliyo bora ni kumnunua asubuhi, ikiwa nyumbani yupo mtu wa kumshughulikia mara moja. Apasuliwe, matumbo na mashavu yatolewe, aoshwe, kisha apakwe chumvi ndani na nje. Penye jokofu awekwe humo mpaka jioni. Pasipo jokofu, akaangwe au achomwe mchana ule ule. Chumvi peke yake na kitambaa kilicholowa havitoshi kumlinda kutwa nzima katika joto hili. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu wapo wanaoamini kuwa ndimu huua kila kitu. Ndimu huondoa harufu ya shombo, na samaki aliyeharibika akikosa harufu ndipo anapokuwa wa hatari zaidi, kwani pua yako haitakuonya.

Kwa aila ya watu sita, mukeke wawili wa gramu 400 hivi kila mmoja watatosha ikiwa lenga-lenga ni nyingi. Chora mikato mitatu ya kulalia kila ubavu, usifike mfupa. Mikato hiyo ina kazi mbili: moto huingia ndani upesi, na rojo hupata mahali pa kukaa. Mpake chumvi, ndimu kidogo na kitunguu saumu kilichopondwa, umwache robo saa. Kabla ya kumweka motoni mpanguse kwa kitambaa safi mpaka ngozi ikauke. Ngozi yenye maji hunata katika waya na kubaki huko, nawe ukamtoa samaki aliye uchi.

ROJO YA KUPAKA

Kumpaka samaki rojo akiwa juu ya makaa si jambo lililozuliwa leo. Watu wa Mombasa, Lamu na Unguja wana samaki wao wa kupaka, ambaye huchomwa huku akipakwa tui zito la nazi lenye ndimu, pilipili na bizari, tena na tena, mpaka tui limgandie. Sisi wa ziwani tuna mawese ya Rumonge, tuna asali ya milimani, na ndimu hazitupi taabu. Nazi kwetu ni mgeni. Kwa hiyo nimechukua ufundi wa pwani, nikaweka vitu vya hapa.

Najua yupo atakayekunja uso asikiapo asali pamoja na samaki. Na amwulize askari yeyote wa Burundi aliyekwenda Somalia kuanzia mwaka 2007. Huko aliwaona watu wakila wali wa nyama na kumega ndizi mbivu katika tonge lile lile, na bila shaka alicheka siku ya kwanza, na siku ya kumi akaomba ndizi. Utamu kidogo, ukitiwa ukali wa ndimu na pilipili, hauugeuzi mlo kuwa keki. Huuamsha ulimi tu.

Vitu vya rojo ni hivi: nyanya mbili mbivu zilizokunwa, kitunguu maji kimoja kidogo kilichokatwa laini sana, punje tatu za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi kama ncha ya kidole gumba, pilipili kwa kadiri ya watu wako, chumvi nusu kijiko cha chai, asali vijiko viwili vya chakula, na maji ya ndimu mbili. Asali isipopatikana, kijiko kimoja na nusu cha sukari ya Moso kitafanya kazi ile ile, ingawa harufu haitakuwa moja.

Weka kijiko kimoja cha mawese katika sufuria ndogo. Kitunguu maji kikishalainika tia kitunguu saumu na tangawizi, kisha nyanya na chumvi. Acha vichemke bila kifuniko kwa dakika nane au kumi, ukikoroga, mpaka maji ya nyanya yaishe na mafuta yaanze kujitenga pembeni. Ndipo utie asali na ndimu, uache ichemke dakika mbili zaidi. Chovya kijiko, uchore mstari kwa kidole mgongoni mwake. Mstari ukibaki wazi, rojo imekuwa tayari. Ukizibika, bado ina maji, nayo itachuruzika juu ya makaa badala ya kumshika samaki.

MPANGO WA MOTO MMOJA

Wengi wenye mbabura moja hukosea mpango, si mapishi. Huanza na samaki kwa kuwa ndiye mkubwa, kisha samaki hupoa wakati bugali inapikwa. Moto wa makaa una umri wake. Ukiwa mchanga ni mkali na una ndimi. Ukikomaa hutulia, makaa yakavaa majivu meupe, na joto likawa la namna moja. Basi kazi za haraka zifanywe moto ungali mkali. Kwanza rojo. Pili maji ya bugali, ambayo ikishasongwa itafunikwa na kuzungushiwa kitambaa, nayo itakaa moto nusu saa bila shida. Tatu lenga-lenga. Samaki awe wa mwisho, makaa yakiwa yametulia, watu wakiwa wamekwisha nawa mikono.

Paka mafuta waya wa kuchomea na uupashe moto kabla ya kumlaza mukeke. Mlaze bila rojo. Mwache dakika saba au nane, usimguse. Atakapokuwa tayari kugeuzwa, ngozi itaachia waya yenyewe. Mgeuze mara moja, umpe upande wa pili muda ule ule. Hapo nyama iliyo karibu na mfupa wa mgongo itakuwa nyeupe na kuachana na mfupa ukiijaribu kwa ncha ya kisu. Sasa ndipo kupaka kuanze. Mpake tabaka jembamba, mgeuze, nusu dakika au dakika moja, upake upande wa pili, ugeuze tena. Fanya hivyo mara tatu. Kila tabaka hukauka juu ya jingine, na mara ya tatu utaona ngozi ikimeta kama mbao iliyopigwa vanishi.

Anayempaka samaki tangu mwanzo huharibu yote mawili. Asali na sukari hugeuka hudhurungi upesi, kisha nyeusi, kisha chungu, na haya yote hutukia wakati nyama ya ndani ingali mbichi. Na asiye na brashi asihangaike kuitafuta dukani: chukua shina la mchaichai, ulipondeponde ncha yake mpaka nyuzi zifunguke, ulitumie hilo. Harufu yake ni faida ya bure.

MBOGA YA MAJANI

Lenga-lenga ina sifa mbaya isiyostahili, kwamba ni mboga ya mtu asiye na fedha. Katika bonde la Imbo huota kwa urahisi, hukatwa na kuchipua tena, na mafungu yake ni ya bei nafuu. Pengine hilo ndilo kosa lake. Majani yake yana madini ya chuma, nayo yana kile ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, vitamini ilindayo macho ya watoto. Lakini vitamini hiyo haichukuliwi vema na mwili pasipo mafuta, na ndiyo maana lenga-lenga iliyochemshwa kwa maji matupu ni kazi nusu. Mawese mekundu huongeza vitamini hiyo hiyo kwa upande wake. Ndimu iliyo katika rojo nayo ina kazi, kwa kuwa husaidia mwili kuipokea chuma ya majani, na samaki mwenyewe husaidia vile vile. Chai huzuia, afadhali ingoje saa moja baada ya chakula.

Chukua mafungu manne makubwa. Yaoshwe majani yakiwa mazima, kabla ya kukatwa, katika maji matatu, na maji ya mwisho yawe yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Nalisisitiza hili kwa watu wa Kajaga, Gatumba na mahali pote ambapo mafuriko hupita juu ya vyoo kisha yakatua katika bustani. Mwezi Januari 2023 serikali ilitangaza mlipuko wa kipindupindu, na ugonjwa huo haujali kama mtu ni ofisa au ni raia. Moto wa jikoni huua vijidudu vilivyo katika jani, lakini haufiki katika ubao wa kukatia wala katika mikono iliyoshika fungu lisilooshwa na kisha ikashika bugali.

Kata mashina laini yawe mafupi na uyatenge na majani. Kaanga kitunguu kimoja katika vijiko viwili vya mawese, tia mashina, dakika mbili, kisha tia majani yakiwa na maji yale tu yaliyobaki juu yake baada ya kuoshwa. Funika dakika mbili mpaka yanyong'onyee, funua, tia chumvi, geuzageuza dakika tatu nne, uepue. Anayependa karanga zilizotwangwa na atie vijiko viwili mwishoni. Magadi siyaungi mkono. Hulainisha majani na kuyapa rangi ya kijani ya kupendeza macho, lakini huharibu sehemu ya vitamini, na lenga-lenga changa haina ugumu wa kuhitaji msaada huo. Wala maji yake yasimwagwe, maana ukiyatia machache kama nilivyosema hayatakuwapo ya kumwaga.

NANI ANAKULA NINI

Hapa nimefika katika jambo lililonifanya nishike kalamu. Uchunguzi wa afya na uzazi uliofanywa Burundi mwaka 2016 na 2017 ulionyesha kuwa watoto 56 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, yaani kimo chao kilikuwa chini ya umri wao. Watu husikia tarakimu hiyo wakafikiri ni habari ya nyumba zisizo na kitu. Si hivyo daima. Katika nyumba ambamo samaki hununuliwa, sahani hupangwa namna hii: baba apewe samaki, mgeni apewe samaki, mama achukue mkia, na watoto wapewe bugali iliyochovywa katika mchuzi. Mchuzi una harufu ya samaki, basi mtoto husemwa kuwa amekula samaki. Mwili wake haukubali hesabu hiyo.

Nashauri mukeke agawanywe jikoni kabla ya kufika mezani. Kila mmoja akatwe vipande vitatu: kichwa pamoja na mabega, kati, na mkia. Mukeke wawili watatoa vipande sita kwa watu sita. Sehemu ya mkia, kuanzia nyuma ya tumbo, haina mbavu, kwa hiyo ndiyo ya watoto wadogo. Hata hivyo nyama ichambuliwe kwa vidole kwanza, kwa sababu koo la mtoto ni jembamba. Kichwa kina heshima yake tangu zamani, na heshima hiyo apewe baba pamoja na mifupa yake yote. Kipande cha kati wapewe mama na mtoto mkubwa anayekwenda shule. Mama mjamzito au anyonyeshaye asikubali kuachiwa miiba. Askari ambaye hula chakula kambini mchana anajua kuwa mgawo hutolewa kwa kila kichwa, bila kujali ni nani mwenye sauti kubwa. Na nyumbani pia uwe hivyo.

Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali hata kidogo, iwe mbichi au iliyopikwa, kwa kuwa yaweza kuwa na mbegu za sumu ambazo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuzishinda na ambazo moto wa jikoni hauziui. Aliyekwisha anza kula atolewe kipande chake kabla ya kupaka, kisagwe pamoja na lenga-lenga iliyolainika.

Nalo swali la anayechelewa haliepukiki katika nyumba za askari na polisi. Kama atarudi kabla ya saa tatu usiku, kipande chake kichomwe mpaka kiive kabisa, lakini kisipakwe rojo; kifunikwe. Akifika, kirudishwe juu ya makaa hata kipate moto mpaka kwenye mfupa, ndipo kipakwe mara tatu kama vya wenzake. Lenga-lenga yake ibaki ikiwa imeoshwa, haijapikwa. Dakika saba si nyingi kumngojesha mtu anayevua viatu. Anayerudi alfajiri asiwekewe samaki wa jana katika sahani iliyofunikwa kwa sahani. Huyo awekewe ndagala wakavu waliokaangwa kwa kitunguu, ambao hawaharibiki upesi, na rojo ndogo pembeni.

Mukeke akikosekana, samaki mwingine yeyote mzima mwenye ngozi imara atafaa, hata tilapia wa bwawani, ila huyo hana mafuta mengi, basi apakwe mawese mara moja kabla ya kulazwa katika waya na apunguziwe dakika mbili kila upande. Sangala wa vipande nao hufaa vizuri, wakichomwa ngozi ikitangulia chini. Rojo ambayo shina la mchaichai lililogusa samaki limechovywa ndani yake isirudishwe chupani. Itiwe motoni ichemke tena dakika moja, imwagwe juu ya bugali, na imalizwe usiku huo huo.